Epoksi ya kukauka taratibu: inanata, inabanduka, inateleza, tatizo nini?

Kabla hujarudi dukani kumkoromea muuzaji kwamba kakupa gundi feki, chukua kile kitu kilichobanduka, sogea nacho kwenye mwanga, angalia pande zote mbili za pale palipoachia. Majibu mengi yako hapo. Kama gundi yote imebaki upande mmoja na upande wa pili ni msafi hata alama haina, gundi haina kosa, ule upande ndo ulikuwa haushikiki, una mafuta, una vumbi, una chumvi, au ni plastiki isiyokubali gundi. Kama gundi imebaki pande zote mbili imepasuka katikati, hapo gundi yenyewe ndo dhaifu na mara nyingi udhaifu umetoka kwenye kuchanganya. Kama ni mbao na nyuzi zimenyofoka zimebaki kwenye gundi, usilaumu mtu, gundi imeishinda mbao, ongeza eneo la kuungia au ongezea skrubu. Na kama ukigusa bado inanata, basi hata hatua ya kubanduka haijafika, tutaianza hio.

Naongelea gundi ya kuchanganya, tyubu mbili au vikopo viwili, kimoja rezini kingine hadena ya kuikaza, na hasa ile ya taratibu, ya kulaza usiku. Siyo supaglu, siyo gundi ya viatu, siyo ile nyeupe ya mafundi seremala. Zote hizo zina kazi zake ila ukizichanganya kichwani utapotea mapema.

NI IPI YA KUNUNUA

Ukifika hadwea ukasema nataka epoksi, mara nyingi utasikia "kaka chukua hii ya dakika tano, hio nyingine utakesha nayo". Sasa kukesha nayo ndo tunachotaka. Ile ya dakika tano imepimwa kwenye joto la nyuzi 20 na kidogo, ukija kuichanganya saa nane mchana chini ya bati hapa Mtwara haikupi hata hizo tano, unapaka upande mmoja ukigeukia wa pili inavuta nyuzi tayari. Alafu za haraka nyingi hazivumilii maji na unyevu kama za taratibu. Ya haraka nunua kwa kitu kidogo cha ndani ambacho utakishika kwa mkono mpaka kikaze, kifuniko cha redio, kibanio, mambo hayo. Ukiwa na mguu wa meza, kigae, mpini, kitu cha bafuni, kitu cha boti, kitu chenye vipande vingi vya kupanga, chukua ya taratibu na ulale.

Kwenye boksi kuna vitu vitatu vya kusoma na watu wanavichanganya. Kuna muda wa kuichezea, yani tangu uchanganye mpaka ianze kuwa nzito. Kuna muda wa kushika, yani unaweza kutoa kamba na klampu bila kitu kuhama. Na kuna muda wa kukomaa, hapo ndo unaweza kukipa mzigo. Mfano J-B Weld ile ya asili inaandikwa inashika kwa masaa 4 mpaka 6 na inakomaa kwa masaa 15 mpaka 24, na ziko nyingine ambazo nguvu yake kamili inakuja baada ya siku kadhaa. Mtu anaona kiti kimeshika asubuhi anakikalia, kinaachia, anasema gundi mbovu. Kilikuwa kimeshika, hakijakomaa.

Angalia pia uwiano wa rezini na hadena. Za tyubu nyingi ni kiasi sawa kwa sawa, ila za makopo kuna mbili kwa moja, kuna mpaka tano kwa moja, na lazima ujue ni kwa ujazo au kwa uzito, sababu rezini kwa kawaida ni nzito kuliko hadena, ukipima kwa mizani kitu kilichoandikwa kwa ujazo umeshaharibu kabla hujaanza.

IMELALA USIKU KUCHA BADO INANATA

Hili ndo lalamiko namba moja na sababu yake kubwa ni vipimo. Hapa niseme kitu ambacho kinawaponza hata mafundi wazuri. Mafundi wa faiba, wale wa boti na matenki, wamezoea rezini ya polista ambayo hadena yake ni ya matone, ukitaka ikaze upesi unaongeza matone. Wakija kwenye epoksi wanakuja na mazoea yaleyale, "hadena iongezwe kidogo mvua inakuja". Epoksi haiko hivyo. Hadena yake siyo kichocheo, ni sehemu ya gundi yenyewe, kila chembe ya hadena inatafuta chembe ya rezini ya kushikana nayo, ikizidi inabaki haina mwenzake na hio iliyobaki ndo unayoisikia kidoleni inanata. Kwaiyo ukiongeza hadena hujaharakisha, umeilainisha milele. Ukipunguza ni vilevile.

Kipimo cha macho kwenye tyubu kinadanganya sana. Unakamua mistari miwili urefu sawa, ila rezini ni nzito inatoka mnene, hadena inatoka nyembamba, urefu sawa ila kiasi siyo sawa. Nenda duka la dawa nunua mabomba ya sindano mawili bila sindano, ya mililita 5 au 10, moja andika R lingine H kwa kalamu ya wino mzito, na yasibadilishane kazi hata siku moja. Alafu usichanganye kakiasi kadogo kupita kiasi, ukichanganya tone kwa tone kosa dogo tu linakuwa robo ya gundi yote, bora uchanganye kijiko cha chai kingine kitupwe.

Sababu ya pili ni baridi, na mtu wa Lindi mjini atacheka, ila ukiwa Newala kule juu mwezi wa saba usiku siyo mchezo, na kazi ya masaa nane inaweza kukuchukua siku nzima na zaidi. Hapo dawa ni joto tu. Kitoe kitu juani asubuhi, au kiweke chumba chenye joto, au washa taa ya balbu ya zamani karibu nacho, karibu siyo kukigusa. Kama ilikuwa ni baridi itakaza yenyewe.

Kama siku mbili tatu zimepita na joto la pwani lote hili bado ni ulimbo, hakuna dua. Usipake hadena tupu juu yake, kuna watu wanafanya hivyo, ni kuongeza uchafu juu ya uchafu. Kwangua na kisu butu, futa na asetoni au spiriti mpaka kitambaa kitoke kisafi, piga msasa, anza upya. Inauma ila hakuna njia ya mkato.

NGUMU HAPA, LAINI PALE

Hii siyo vipimo, hii ni kukoroga. Vipimo vingekosewa ingenata kote. Rezini inaganda kwenye kuta za kopo na kwenye kijiti chenyewe, unakoroga katikati weee, mwishoni unakwangua zile za pembeni ambazo hazijakutana na hadena unazipaka kwenye kazi, zinabaki madoa laini. Koroga dakika mbili tatu kamili, kwangua kuta, kwangua chini, futa kijiti, alafu hamishia yote kwenye kopo la pili safi ukoroge tena kidogo. Zile zenye rangi mbili tofauti ni rahisi, koroga mpaka usione hata mstari mmoja wa rangi ya kwanza.

Kwa kiasi kidogo mimi natumia kifuniko cha ndoo ya plastiki kilichogeuzwa, ni tambarare unaona kila kona, na kesho yake mabaki ukikunja kifuniko kidogo yanaruka yenyewe. Kwanini yanaruka nakuja hapo chini, sababu ndo ileile inayofanya ndoo yako iliyopasuka isiungike.

IMEGANDA KOPONI KABLA SIJAMALIZA, TENA KOPO LIMECHEMKA

Rezini na hadena zikishikana zinatoa joto. Ikiwa imepakwa nyembamba joto linapotea hewani, ikiwa rundo kwenye kopo joto halina pa kwenda, linaharakisha gundi, gundi inatoa joto zaidi, mpaka inatoa moshi na kopo la plastiki linalegea. Ukiona kopo linaanza kuwa la moto usiling'ang'anie, litoe nje liweke juu ya mchanga mbali na makaratasi na vumbi la mbao, usivute ule moshi, wala usilitupe kwenye pipa la taka hapohapo.

Kanuni ya kukaririwa ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, muda unapungua kama nusu. Boksi likisema saa moja na nusu kwa nyuzi 23, kwa nyuzi 33 weka akilini dakika 45 hivi, na hio ni kwa kiasi kilekile walichopimia wao, ukichanganya nyingi zaidi inapungua tena. Mwezi wa kumi na moja huku kwetu kabla mvua hazijaanza, mchana chini ya bati, hio nyuzi 33 unaipita. Kwaiyo changanya kidogo kidogo, ukishachanganya imwage kwenye sahani au kifuniko isikae rundo, weka sahani juu ya beseni lenye maji ya baridi ila maji yasiingie kwenye gundi, na kazi kubwa zianze asubuhi. Rezini na hadena zenyewe pia zisishinde juani au kwenye gari kabla ya kazi.

Na kitu kimoja kinachodanganya watu: mabaki ya kwenye kopo yanakauka kabla ya yale yaliyopo kwenye kiungo, sababu ni hiohio ya joto la rundo. Usibonyeze kopo ukasema tayari. Paka kidogo nyembamba kwenye kipande cha bati pembeni, hicho ndo ukipime kwa kucha. Kucha ikiacha alama, subiri.

NGUMU KABISA ILA IMEBANDUKA NZIMA

Hapa ndo penye kesi nyingi, na ndo ile uliyoiona kwenye mwanga, upande mmoja gundi yote, upande wa pili weupe.

Tuanze na plastiki maana ndo inayoombwa kila siku. Ndoo, beseni, dumu, viti vya plastiki vya harusini, simtank, karibu zote hizo ni polithilini au polipropilini, na epoksi haizishiki, upige msasa usipige, uombe usiombe. Itakauka ngumu vizuri alafu utaibandua kwa kucha, ndo maana kile kifuniko cha ndoo kinafaa kuchanganyia. Angalia chini ya chombo kuna pembetatu ya mishale yenye namba, ukiona 2 au 5 achana na epoksi. Kama hakuna alama, kata kakipande katie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, kakielea jua ni familia hio. Simtank iliyopasuka inachomelewa kwa moto na plastiki ya aina yake, siyo kupakwa. Bomba la PVC lenyewe linazama na epoksi inalishika ukilipiga msasa, ingawa kwa maungio ya kawaida gundi yake ya mabomba ni bora na rahisi zaidi.

Chuma na alminiamu. Ukikaa Shangani au Mikindani chumvi ya bahari iko kwenye kila kitu hata kama huioni, na chumvi iliyobaki chini ya gundi inavuta unyevu, kutu inaanzia hapo inainua gundi kutoka chini. Kwaiyo usianze na msasa. Osha kwanza na maji yasiyo na chumvi na sabuni, suuza, kausha kabisa, futa mafuta na asetoni au thina kwa kitambaa safi, ndo upige msasa mpaka chuma king'ae, alafu futa tena. Ukianza na msasa wakati kuna mafuta unayasugulia ndani kwenye mikwaruzo. Na ukishamaliza usiende kunywa chai kwanza, paka siku hiohio tena ndani ya saa hio, alminiamu hasa inajivika ngozi yake mpya mapema sana.

Kipimo rahisi cha usafi: dondosha maji. Yakitandaa yakakaa kama utando, pako safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, rudia. Baada ya hapo kausha vizuri kabla ya gundi.

Asetoni ya kutolea rangi ya kucha iangalie, nyingine zimetiwa mafuta ya kulainisha vidole, ukifutia hio umepaka mafuta mapya. Petroli nayo inaacha mabaki, mbali na hatari ya moto. Na vidole vyako ulivyojipaka mafuta ya nazi asubuhi navyo vihesabu.

Mbao. Nyingi zinakubali epoksi vizuri sharti ziwe kavu, ikizidi unyevu wa asilimia 15 hivi unabahatisha, na mbao mbichi ya jana kutoka kiwandani haifai hata kwa maombi. Ila kuna miti yenye mafuta yake yenyewe, mtiki ni mmoja na mpingo ni mwingine, na huku kusini mpingo ndo kwao. Kuna babu mchongaji alikuja na sanamu yake mkono umekatika begani, kaunga kwa epoksi nzuri tu, imeachia. Baada ya shikamoo na marahaba akanipa kile kipande, "mjukuu wangu gundi za siku hizi maji matupu". Kwenye jeraha la mpingo gundi ilikuwa imetoka kigamba kizima, kigumu, kinang'aa, na kimechukua chapa ya kila mshipa wa mti, yani gundi ilijaa kila mahali na bado haikushika hata mahali pamoja. Gundi ilikuwa nzima kabisa. Nikachukua kitambaa cheupe na asetoni, nikafuta, kikatoka zambarau nzito. Kitambaa kingine, zambarau. Babu kasimama pembeni anaangalia vitambaa vinavyoongezeka, akasema "kumbe huu mti unatoa jasho". Ukifika hatua kitambaa kinatoka na rangi hafifu tu, piga msasa mkavu, futa mara ya mwisho, subiri asetoni iruke dakika chache, alafu paka pande zote mbili papo hapo, maana ukiacha mpaka kesho mafuta yanapanda tena juu. Mkono wa ile sanamu umeshika.

Vioo na vigae upande wa rangi vinateleza mno, vikwaruze kwa msasa wa maji kama mahali pataficha mikwaruzo, kama hapafichi basi usafi ndo tegemeo lako pekee.

VIPANDE VIMEHAMA USIKU

Gundi ya taratibu inabaki kuwa kilainishi kwa masaa mengi, na kwenye joto inakuwa nyepesi zaidi kabla ya kuwa nzito, kwaiyo umepanga vizuri saa mbili usiku, asubuhi mpini umelala upande na gundi imechuruzika mpaka mezani. Lazima kifungwe. Klampu kama unazo, kama huna kata ukanda mrefu kwenye tyubu ya baiskeli iliyokufa, zungushia ukiwa umeuvuta, unabana sawasawa kote hata kwenye umbo la duara ambalo klampu haishiki. Tia nailoni katikati ya kiungo na ukanda, gazeti linanasa na utalisoma humo mpaka kesho kutwa.

Ila usibane mpaka mishipa ikutoke. Gundi nyeupe ya mbao inataka kubanwa kwa nguvu, epoksi haitaki, inataka kukutanishwa tu ibaki tabaka jembamba katikati. Ukibana sana unaikamua yote nje, kiungo kinabaki na njaa, na ukija kukiangalia kikivunjika utaona mabaka makavu katikati. Kwenye mbao yenye kunywa, paka tabaka la kwanza lifyonzwe, subiri dakika kumi hivi, ongeza la pili ndo uunge.

Pengo likiwa kubwa changanya rezini na hadena kwanza mpaka ziwe kitu kimoja, alafu ndo utie vumbi laini la msumeno mpaka iwe nzito isichuruzike. Vumbi lisitangulie, utashindwa kujua kama gundi imechanganyika.

UTANDO WA MAFUTA JUU, WEUPE, MAPOVU

Asubuhi gundi ngumu ila juu inateleza kama imepakwa nta. Ni hadena iliyokutana na unyevu na kaboni dioksidi ya hewani kabla haijashikana na rezini, na huku tunapata sana kuanzia Desemba mpaka Aprili kwenye mvua, na hata usiku wa kawaida ukiwa karibu na bahari. Ndani ya kiungo haina madhara makubwa. Ila ukitaka kupaka tabaka jingine au rangi juu yake lazima itoke, na inatoka kwa maji, siyo thina. Maji ya uvuguvugu na sponji ya kukwaruza, suuza, kausha, ndo msasa ufuate. Ukitanguliza msasa unaisambaza na msasa unaziba.

Weupe wa mawingu ndani yake ni unyevu ulioingia, labda kitu kilikuwa na maji au mvua ilipiga kabla haijashika. Mapovu ni kukoroga kwa pupa, au ni mbao iliyokuwa inapata joto wakati unapaka, hewa yake ya ndani inapanuka inatoka kupitia gundi. Mbao za kupakwa juu zipake jioni joto likishuka, zinavuta gundi ndani badala ya kuipulizia, ila ziingize ndani zisipate umande.

ILISHIKA VIZURI, IMEKUJA KUACHIA BAADAE

Kwanza uliza joto. Epoksi nyingi za nyumbani zinaanza kulegea kwenye nyuzi 50 mpaka 60 hivi, kwaiyo mpini wa sufuria hautadumu, pasi haitadumu, na hata bati au chuma cheusi kinachoshinda juani huku kwetu kinakaribia huko. Kama ni kitu cha moto soma boksi limeandika inavumilia nyuzi ngapi, zipo zilizotengenezwa kwa hilo. Uzuri wa tabia hii ni kwamba ukitaka kubandua ulichokiunga vibaya, maji ya moto sana au pasi ya moto juu yake inakusaidia.

La pili ni jua. Mwanga wa jua unaigeuza njano, alafu inakuwa chokaa juu. Chochote cha nje, mtumbwi, benchi, kipigwe rangi juu ya epoksi.

La tatu ni kukunjwa. Epoksi ni ngumu haipendi kupindishwa wala kumenywa kuanzia pembeni. Soli ya kandambili au kiatu cha ngozi siyo kazi yake, hapo gundi ya viatu inaishinda mbali kabisa.

Na kuna vitu usiviunge kwa epoksi kabisa hata ikishika namna gani: mtungi wa gesi na regulata yake, breki, panga la feni. Vikombe na sahani vilivyovunjika viunge viwe mapambo ya kabatini, isipokuwa gundi imeandikwa wazi inafaa kwa chakula.

MIKONO INAWASHA

Mama zetu wanaobangua korosho wanajua utomvu wa ganda unavyobabua vidole, na siyo bahati mbaya kuitaja hapa, mafuta ya maganda ya korosho ndo yanatoa kadanoli, na kadanoli inatengenezewa aina ya hadena za epoksi zinazokaza hata kwenye baridi na unyevu, zinatumika sana kwenye rangi za meli. Yani kiwanda kinanunua kitu ambacho sisi tunakiona taka. Hadena, iwe ya korosho au ya aina nyingine, ngozi inaweza kuikataa, na ikishaikataa inakuwa hivyo maisha yako yote, kila ukiikaribia unatoka vipele. Vaa glavu za kutupa, fungua madirisha, na ikikugusa futa na kitambaa kikavu kisha maji na sabuni. Usinawe thina, thina inaisaidia kuingia ndani ya ngozi. Vumbi la msasa la gundi ambayo haijakomaa nalo baya, funga pua.

TYUBU YA ZAMANI

Rezini iliyokaa muda mrefu inaweza kuganda chengachenga nyeupe kama asali iliyokaa kabatini, watu wanaitupa, haijaharibika. Weka chupa au tyubu imefungwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 hivi mpaka iwe safi kabisa hata punje isibaki, koroga, iache ipoe kabla ya kuitumia maana ikiwa ya moto itakukimbilia. Hadena ikibadilika rangi ikawa kama chai haijafa, ila ikiwa nzito ya kuvutika au ina ukoko juu, nunua nyingine.

Vifuniko usivibadilishe. Ukifunga rezini kwa kifuniko cha hadena, kesho yake kimeungana na tyubu na hapo gundi itakuonyesha nguvu zake zote, utakata tyubu kwa kisu. Tia alama ya rangi kwenye kifuniko na kwenye tyubu yake, futa midomo kabla ya kufunga, zihifadhi zimesimama sehemu yenye kivuli, siyo dirishani.